Daftari la Stoo

Mimi ni mtunza stoo. Sikusomea maji wala umeme.
Najua misumari kwa kilo, nondo kwa milimita,
kofia ngumu kwa rangi: nyeupe ya wahandisi,
bluu ya mafundi, njano ya vibarua.
Na buti: arobaini na moja hadi arobaini na tano.
Chini ya hapo rafu ilikuwa na vumbi tu.

Asubuhi aliyofika Subilaga, Tukuyu ilikuwa haionekani,
mvua yetu ile isiyojua Jumapili.
Alisimama dirishani, akasema, "Thelathini na saba."
Nikadhani ananitajia umri.

Nikampa arobaini na moja. Akasaini.
Jioni nikamwona anachana magazeti,
anayasokota, anayashindilia kwenye ncha za buti
kama mtu anayeziba nyufa za nyumba kabla ya baridi ya Juni.

Miezi minne aliupima mlima kwa miguu ya kuazima.
Ndiye aliyegundua mfereji unapanda sentimita sita
pale ramani iliposema unashuka.
"Maji hayapandi kwa kuiheshimu ramani," alisema.
Mkuu wa mradi akacheka, akakohoa, akapima tena mwenyewe,
kisha akaagiza tuvunje zege.

Halafu Machi.
Ngazi za banio, utelezi.
Mguu ulikwenda, buti likabaki.

Tulimbeba kwenye turubai, kifundo kimevimba kama kiazi.
Mchana, juu ya sahani za kande, wakasema:
"Kazi hii ina wenyewe."
"Mwanamke na korongo, wapi na wapi?"
Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni.
Nikakitafuna kijiko.

Maana fomu ya manunuzi ninayo mimi.
Mwishoni ina mstari: Mahitaji mengine.
Miaka kumi na moja nimeujaza: Hakuna.
Kwa mwandiko mzuri.

Usiku ule nilimkumbuka Ambokile, fundi wa kuchomelea,
asiyesikia. King'ora cha baruti kikilia
tulikuwa tunamvuta shati kama mbuzi wa mnada.
Subilaga ndiye aliyemfungia taa nyekundu juu ya nguzo.
Wakasema, taa nzima kwa ajili ya mtu mmoja!
Siku tulipouzungusha mtambo mara ya kwanza
ngurumo ikakimeza king'ora, bomba likapasuka,
na sisi wenye masikio mawili mawili
tulitoka mbio kwa sababu ya taa ya Ambokile.
Hakuna aliyelisema hilo. Hata mimi.

Basi nikaandika. Buti, thelathini na sita hadi arobaini na sita.
Glovu, ndogo.
Ofisi ya Mbeya ikapiga simu:
"Mwaijande, nani huyo wa thelathini na sita?"
"Bado hajafika."
"Sasa unamnunulia nini?"
"Ndiyo maana hajafika."
Kimya. Nikasikia mtu upande wa pili anakoroga chai.

Maboksi yalikuja Agosti. Subilaga alikuwa ameshahamia Makete,
kwenye mto mwingine, anachechemea kidogo, walisema.
Nikawa nayafuta vumbi kila Jumamosi.
Mmoja akaniuliza kama nimefungua duka la viatu vya shule.

Mpaka jana.
Binti wa mafunzo kwa vitendo, Atuganile, mwaka wa tatu,
mkoba wake umelowa, kalamu sikioni.
"Thelathini na sita," akasema,
kama anayeomba chumvi mezani.
Nikageuka. Mkono wangu ulikuwa unajua rafu.

Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akafunga kamba mara mbili,
akakanyaga sakafu mara moja, pu,
akaondoka, ukungu ukamchukua.

Hakusema asante. Hata "ndaga" moja hakuidondosha.
Nilichungulia dirishani, nasubiri ageuke.
Hakugeuka. Buti ni buti; ageukie nini?

Nikafungua daftari:
Buti, jozi moja, 36.
Imetoka.